Damu ya kichanga na maswali matano: mwongozo wa vipimo visivyo na sindano

Kichanga aliyezaliwa na kilo 3 ana damu mililita 240 hadi 270 mwilini mwake, yaani kikombe kimoja cha chai. Njiti wa kilo 1 hafikishi hata nusu ya hapo. Maabara ikimchota njiti huyo mililita 2 kila siku kwa siku 5, imeondoa karibu sehemu moja ya kumi ya damu yake yote, na huenda akahitaji kuongezewa damu kwa sababu ya vipimo tu. Ndiyo maana wauguzi wa wodi za watoto wachanga huanza na macho, vidole, masikio, mwanga na mawimbi ya sauti, na sindano huifanya kuwa ya mwisho.

Kila njia kati ya hizo ina swali lake. Ipo inayojibu kama moyo unapiga, ipo inayojibu kama damu imebeba oksijeni, na hakuna inayojibu yote. Makosa mengi huanzia hapo: namba nzuri ya kifaa kimoja huchukuliwa kuwa jibu la swali la kifaa kingine. Mwongozo huu ni kwa ajili ya baba, mama na bibi wa Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuanzia Shimbwe na Materuni hadi Kishumundu na Njari, ambao mtoto wao anaweza kuzaliwa kwenye zahanati ya karibu kisha akashushwa Hospitali ya Mawenzi, au KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 kaskazini mwa mji wa Moshi. Haumgeuzi mzazi kuwa daktari. Unamsaidia kuelewa kinachofanyika, kuuliza linalostahili kuulizwa, na kujua saa ya kuondoka nyumbani.

Sababu ya kujisumbua ipo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliona kwamba, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wao huondoka katika siku za mwanzo kabisa, wakati ambapo mzunguko wa damu unabadilika kuliko wakati wowote mwingine wa maisha.

Kinachobadilika mtoto anapolia

Tumboni, mapafu hayana kazi ya kuleta hewa. Oksijeni hutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu, na damu nyingi huyapita mapafu kando kwa njia mbili za mkato: tundu lililo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Mtoto akivuta pumzi ya kwanza, mapafu hufunguka, damu humiminika huko, na njia hizo za mkato huanza kujifunga. Mshipa ule mfupi hujibana ndani ya siku mbili tatu kwa watoto wengi waliotimiza miezi yao. Kwa njiti, unaweza kubaki wazi kwa majuma.

Mzazi akumbuke jambo moja hapo, kwa sababu litarudi mbele: mkono wa kulia hupata damu iliyotoka kwenye moyo kabla ya mshipa ule mfupi kuingiza ya kwake, na miguu hupata damu iliyopita baada ya makutano hayo. Muuguzi anayechagua mkono wa kulia kuweka kifaa anajua anachokifanya.

Swali la kwanza: moyo unapiga kwa kasi gani?

Mkunga hapati muda wa kutafuta mashine. Hushika kitovu karibu na tumbo, huhesabu mapigo kwa sekunde 6, kisha huzidisha kwa 10. Au huweka stethoskopu kifuani. Mapigo 100 hadi 160 kwa dakika ni ya kawaida. Yakiwa chini ya 100, na mtoto hapumui vizuri, husaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa. Yakibaki chini ya 60 hata baada ya kupata hewa ya kutosha, kifua huanza kukandamizwa.

Dakika ya kwanza wakunga huiita dakika ya dhahabu, na Tanzania ina ushahidi wake wa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2009, wakunga wa hospitali nane nchini walifundishwa kuwasaidia watoto kupumua katika dakika hiyo kwa mafunzo yanayojulikana kama Helping Babies Breathe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliokuwa na daktari Hege Ersdal walikaa leba na kupima muda. Ripoti yao ya mwaka 2012 inasema hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16 kwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa hewa mtoto asiyepumua.

Tatizo la vidole ni kwamba mapigo dhaifu hupotea. Mkunga asipoyahisi, anaweza kudhani mtoto amefariki tumboni kumbe moyo ungali unapiga polepole. Kwa ajili ya hilo kikaja kifaa kiitwacho NeoBeat, kilichofanyiwa kazi Haydom chini ya mradi wa Safer Births ulioanza mwaka 2013. Ni duara la plastiki lililo wazi upande mmoja, linavishwa mtoto kiwiliwilini, linasoma umeme wa moyo kupitia ngozi bila gundi wala waya, na namba hutokea ndani ya sekunde chache. Mwenzake, Moyo, hufungwa kwa mkanda tumboni mwa mama ili kufuatilia mapigo ya mtoto kabla hajazaliwa. Vifaa hivyo, pamoja na mazoezi ya mara kwa mara ya wakunga, vilipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo ya mwaka 2025, yaliyohusu akina mama wapatao 280,000 na watoto wao, yalionyesha vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Mzazi afanye nini hapa? Wakati wa kliniki ya ujauzito, aulize kituo atakachojifungulia wanapimaje mapigo ya mtoto leba, na kama mfuko na barakoa ya saizi ya kichanga vipo mezani muda wote. Baada ya kujifungua, aombe kuelezwa alama za APGAR zilizoandikwa. Alama hizo, zilizobuniwa na daktari Virginia Apgar wa Marekani miaka ya 1950, huhesabu mapigo, pumzi, rangi, nguvu ya misuli na mwitiko katika dakika ya 1 na ya 5. Jumla ya 7 hadi 10 katika dakika ya 5 inatia moyo. Ikiwa chini ya hapo, mtoto anastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kabla ya kwenda nyumbani.

Kitovu nacho ni sehemu ya habari hii. Mtoto anayepumua akiachwa dakika 1 hadi 3 kabla ya kubanwa kitovu, huongezewa na kondo damu inayoweza kufika mililita 80 au zaidi, na kwa mwili wenye mililita 250 hicho si kiasi kidogo. Huko Haydom ilionekana kwamba, kwa watoto waliokwisha kuanza kupumua wenyewe, kila sekunde 10 za kusubiri zaidi ziliendana na kupungua kwa asilimia 20 kwa hatari ya kufariki au kulazwa. Jambo hilo halina gharama, na mama anaweza kumwomba mkunga mapema: “Nesi, mtoto akilia vizuri, naomba tusubiri kidogo kabla ya kukata.”

Swali la pili: damu inafika mwisho wa mwili?

Moyo unaweza kupiga na bado damu isifike inakotakiwa. Kipimo cha swali hili ni kidole na saa. Muuguzi hubonyeza katikati ya kifua cha mtoto kwa sekunde 5, huachia, kisha huhesabu mpaka weupe uliobaki urudi kwenye rangi yake. Rangi irudi ndani ya sekunde 3. Ikichelewa, na mikono na miguu ni baridi, na mapigo ni dhaifu na ya haraka, damu haizunguki ipasavyo: huenda mtoto amepungukiwa maji au damu, ana maambukizi, au moyo wenyewe unashindwa. Kifua ndipo mahali pa kuaminika. Vidole na nyayo hupoa upesi, na asubuhi ya Julai kule juu karibu na msitu vinaweza kudanganya hata mtoto akiwa mzima.

Rangi huangaliwa kwenye mwanga. Kwa mila za Kichagga, mama mzazi hukaa ndani kwa miezi akinywa mtori na kuhudumiwa na mama mkwe au mama yake, na chumba mara nyingi kina giza. Mara moja kwa siku mtoto asogezwe karibu na dirisha au mlangoni, amefunikwa vizuri, atazamwe. Mikono na miguu yenye ubuluu katika siku ya kwanza au ya pili ni jambo la kawaida. Ubuluu wa ulimi na ndani ya midomo si wa kawaida siku yoyote. Kwa ngozi yetu, ulimi na ufizi ndivyo husema kweli. Shavu linaweza kuficha. Weupe wa ulimi, viganja na nyayo unaashiria upungufu wa damu, na jambo la kwanza kukagua ni kitovu: kama kamba iliyokifunga imelegea na nepi ina damu, mtoto arudishwe kituoni mara moja.

Swali la tatu: damu imebeba oksijeni?

Hapa ndipo oksimita inapoingia, na Uru si ngeni kwa kifaa hiki. Vijana wengi wa huko ni wapagazi na waongozaji wa Mlima Kilimanjaro, na jioni kambini waongozaji huwabana wageni kidole kwa kifaa kidogo kinachotoa namba mbili: mapigo na asilimia ya oksijeni. Kanuni yake iligunduliwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya infraredi isiyoonekana kwa macho, hupenya ngozi. Damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa huzinyonya taa hizo kwa viwango tofauti. Kifaa husoma sehemu inayopiga kama mapigo tu, kisha hukokotoa.

Oksimita ya mlimani isitumike kwa kichanga. Kibanio chake ni cha kidole cha mtu mzima. Kwa mtoto hakikai, na namba itakayotokea ni ya kubahatisha. Kichanga hutumia kihisi laini kinachofungwa kuzunguka kiganja cha kulia au unyayo, taa upande mmoja na kipokezi upande wa pili, vikitazamana. Namba za mlimani nazo zisihamishiwe kwa mtoto. Mgeni aliye kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, akisoma 80 hashangazi. Vijiji vya juu vya Uru viko chini sana ya kilele hicho, na kimo chake hupunguza oksijeni ya damu kwa kiasi kidogo sana. Mtoto wa Uru aliyetulia na kusoma 85 hawezi kusingiziwa mlima.

Wakati nao una uzito. Dakika moja baada ya kuzaliwa, mtoto mzima husoma asilimia 60 hadi 65 tu. Dakika ya 5 hufika 80 hadi 85, na dakika ya 10 hufika 85 hadi 95. Mzazi aliyeona 70 kwenye skrini dakika ya tatu hana sababu ya kuogopa. Akiiona siku ya pili, anayo. Baada ya siku ya kwanza, 95 na zaidi ndiyo matarajio.

Kwa njiti aliyewekewa oksijeni, lengo ni tofauti: kati ya 90 na 95. Mia kamili si zawadi kwake. Katika miaka ya 1940 na 1950, hospitali za Ulaya na Marekani ziliwapa njiti oksijeni nyingi mno, na maelfu walipofuka kwa sababu mishipa ya nyuma ya jicho iliota vibaya. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati wake, ni mmoja wa waliopoteza kuona kwa njia hiyo. Kwa hiyo mzazi akimwona muuguzi akipunguza oksijeni ya njiti anayesoma 99, asidhani mtoto ananyimwa.

Kabla ya kuamini namba yoyote ya oksimita, yafuatayo yaangaliwe:

Mtoto ametulia? Anayelia na kurusha miguu hutoa namba za ovyo. Anyonyeshwe kwanza.

Mguu una joto? Ukiwa baridi, damu haifiki vya kutosha na kifaa hakina cha kusoma. Upashwe moto kwa kushikwa mkononi au kwa soksi.

Mawimbi kwenye skrini yanalingana? Mchoro uwe wa milima inayofanana, na mapigo ya kifaa yalingane na yale muuguzi anayohesabu kwa stethoskopu. Kama moyo unapiga 140 na kifaa kinasema 90, oksijeni inayoonyeshwa nayo haiaminiki.

Kuna mwanga mkali? Jua la dirishani au taa za bluu za kutibu umanjano huingilia. Kihisi kifunikwe kwa kitambaa.

Kihisi kimekaa muda gani? Kihamishwe kila baada ya saa chache ili kisimchubue mtoto.

Yapo pia mambo ambayo oksimita haiyaoni hata ikiwekwa vizuri. La kwanza ni wingi wa damu. Kifaa husema asilimia ngapi ya himoglobini, yaani kibebaji cha oksijeni ndani ya damu, imebeba oksijeni. Hakisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mtoto aliyevuja damu kitovuni anaweza kusoma 98 huku amepauka. La pili ni moshi wa mkaa. Gesi ya kaboni monoksaidi hujishikiza kwenye himoglobini mahali pa oksijeni, na oksimita ya kawaida huiona kana kwamba ni oksijeni. Familia inayoingiza jiko la mkaa chumbani ili kichanga asipate baridi inaweza kumfikisha hospitali akiwa hoi, na kifaa kikasoma namba nzuri. Muuguzi lazima aambiwe kwamba mtoto alilala na jiko, kwa sababu hatajua vinginevyo.

La tatu ni rangi ya ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, uliofanywa kwa watu wazima, ulionyesha kwamba oksimita ilikosa kuwagundua wagonjwa Weusi waliokuwa na upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko wagonjwa Weupe: kifaa kilionyesha namba ya juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo, namba ikiwa mpakani, tuseme 91 au 92, na mtoto anahema kwa kasi au anakoroma, dalili zipewe uzito kuliko namba.

Swali la nne: moyo umejengeka sawasawa?

Watoto wengine huzaliwa na moyo wenye kasoro inayofichwa na ule mshipa mfupi ulio wazi. Wakiwa na siku moja wananyonya vizuri. Mshipa ukifunga siku ya tatu, wanazidiwa nyumbani. Kipimo cha kuwatafuta kinatumia oksimita ile ile, na huchukua dakika chache. Mtoto akishatimiza saa 24, hupimwa kwenye mkono wa kulia, kisha kwenye mguu mmoja. Kwa kanuni iliyotumika sana tangu Marekani ilipokiweka kwenye orodha ya vipimo vya watoto wote mwaka 2011, matokeo husomwa hivi: 95 au zaidi, na tofauti ya mkono na mguu isizidi 3, amepita. Chini ya 90 popote, daktari aitwe papo hapo. Katikati ya hapo, au tofauti ikizidi 3, kipimo kirudiwe baada ya saa moja.

Hakikamati kila kasoro. Mshipa mkuu uliobanwa, kwa mfano, unaweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo muuguzi hugusa pia mapigo ya kinena pande zote mbili na kuyalinganisha na ya mkono. Kwa mama aliyejifungua salama, saa 24 za kukaa kituoni zinatosha kufanyiwa yote hayo. Kabla ya kufunga mizigo anaweza kusema: “Nesi, kabla hatujaondoka, naomba mtoto apimwe oksijeni mkono wa kulia na mguuni.” Kituo kisipokuwa na kihisi cha kichanga, aulize ni wapi karibu atakipata ndani ya siku mbili.

Anayeshindwa kipimo hupelekwa kwenye eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mbinu hiyo ilianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipotumia mashine ya kukagua vyuma kutazama moyo. Haina mionzi wala maumivu. Mtoto hupakwa jeli kifuani, na inafaa iwe ya uvuguvugu. Kasoro inayohitaji upasuaji hupewa rufaa, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ni mojawapo ya mahali ambako watoto wa nchi hii wanafanyiwa.

Swali la tano: ubongo na viungo vya ndani vinapata mgao wao?

Hili ni swali la wodi za wagonjwa mahututi, na mzazi anaweza kulipitia haraka. Shinikizo la damu hupimwa kwa mkanda mdogo mkononi au mguuni. Mkanda mpana mno hutoa namba ya chini, na mwembamba mno hutoa ya juu, kwa hiyo saizi ya mkanda ina uzito kuliko mashine. Kwa njiti wa siku ya kwanza, madaktari wana kanuni ya haraka: wastani wa shinikizo usiwe chini ya idadi ya majuma ya ujauzito, yaani 30 kwa aliyezaliwa na majuma 30.

Altrasaundi hupitishwa kwenye utosi, ambapo mifupa ya kichwa haijakutana, na kuonyesha kama kuna damu iliyovuja ubongoni. Altrasaundi hiyo hiyo, kwa kanuni ya Doppler, hupima kasi ya damu ndani ya mishipa. Kipo pia kifaa cha infraredi kinachobandikwa kwenye paji la uso kupima oksijeni ya ubongo wenyewe, kwa wazo lililoelezwa na Frans Jöbsis mwaka 1977. Mzazi akisikia hospitali yake haina hicho cha mwisho, asikate tamaa: jaribio kubwa la njiti 1,601, lililochapishwa mwaka 2023, halikuona kwamba matibabu yaliyoongozwa nacho yalipunguza vifo au madhara makubwa ya ubongo kuliko uangalizi wa kawaida.

Mkirudi Uru

Baridi ni adui wa mzunguko wa damu. Mtoto akipoa, mishipa ya ngozi hujibana, anatumia oksijeni nyingi zaidi, na sukari yake hushuka. Joto lake liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kwa njiti na watoto wadogo, njia bora ni kifua cha mama au cha baba, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na kanga au blanketi juu. Njia hiyo ya kangaruu ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Jaribio la Shirika la Afya Duniani lililochapishwa mwaka 2021, ambamo Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano, lilionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 25. Jiko la mkaa libaki nje.

Saa, soksi na vifaa vya simu vinavyodai kupima oksijeni ya mtoto usingizini havihitajiki kwa mtoto mzima. Macho ya mzazi yana kazi zaidi: kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Pumzi 30 hadi 59 ni kawaida. Zikifika 60 na zaidi, zihesabiwe tena, na zikibaki hapo, safari ianze.

Safari ianze pia bila kusubiri asubuhi kama mtoto amekataa kunyonya, ana degedege, kifua kinabonyea ndani anapohema, hajongei mpaka aguswe, ulimi ni wa bluu au mweupe, joto limezidi 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, au umanjano umeonekana siku ya kwanza au umefika viganjani na kwenye nyayo.

Namba 115 hupigwa bure, na huunganisha na mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, akina mama waliojifungua na watoto wachanga. Mfumo huo hutumia magari ya wagonjwa, na yasipopatikana, madereva wa kijamii waliosajiliwa. Mtoto asafiri kifuani mwa mtu mzima, ngozi kwa ngozi, uso ukionekana, na si ndani ya furushi la mablanketi kwenye bodaboda. Kama anatoka zahanati, karatasi ya rufaa iandikwe mapigo, pumzi, joto, asilimia ya oksijeni na ilipimwa mkono au mguu gani, kama alikuwa kwenye oksijeni, na saa ya kila kipimo. Daktari wa KCMC au Mawenzi akipokea 88 isiyo na saa wala mahali, inambidi aanze upya.

Kwa ambaye hana dalili yoyote, mahudhurio ya baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Katika lile la kwanza, mama aombe mapigo ya kinena na oksijeni ya mkono na mguu kama havikupimwa kabla ya kutoka kituoni. La siku ya 7 litazame uzito, kitovu, rangi ya ulimi na umanjano. Katika siku ya 28 na ya 42, muuguzi asikilize tena moyo kwa stethoskopu, kwa kuwa mlio wa kasoro fulani hausikiki mpaka shinikizo la mapafu limeshuka, na aambiwe kama mtoto hutoka jasho au huchoka anaponyonya. Kadi ya kliniki ibebwe kila mara, na namba zote ziandikwe humo.